Mshahara wa mjini, mshahara wa shamba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu gharama zake kwa umma

Kila kinapozungumzwa kima cha chini cha mshahara, hapa Pemba hoja moja haikosi kusikika: maisha ya shamba, yaani vijijini nje ya mji, ni nafuu, basi na mshahara wa shamba uwe mbali na wa mjini. Waajiri wanaisema, na wafanyakazi wengine nao wanaikubali kwa kuchelea kupoteza kazi. Nimekusanya hapa maswali ninayoulizwa zaidi, na nimeyajibu kwa kuangalia upande unaosahauliwa, yaani fedha za umma. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime: naona kima cha kugawa kwa eneo hakivifai visiwa hivi. Mzigo anaoutua mwajiri haupotei. Unahamia kwenye mfuko wa wastaafu, kwenye ofisi za serikali na kwa jamaa za mfanyakazi.

Nani anaweka kima cha chini Zanzibar?

Kazi na ajira si mambo ya Muungano, kwa hiyo Zanzibar ina sheria zake: Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005 na Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1 ya 2005. Waziri hutangaza kima baada ya ushauri wa bodi ya mishahara, ambayo ndani yake waajiri na wafanyakazi nao wana sauti. Kiwango kinachotangazwa Dodoma kwa sekta binafsi za Bara hakituhusu, ingawa kila kinapotoka watu huku huanza kupiga simu wakiuliza kama na wao wamepanda.

Kwa watumishi wa serikali, kima cha chini kilipanda kutoka Sh 150,000 hadi Sh 300,000 mwaka 2017, kisha kikafika Sh 347,000 mwaka 2022. Mhudumu wa skuli ya Micheweni huku Pemba na mhudumu wa ofisi ya Vuga mjini Unguja walipanda pamoja. Mjadala wa "mshahara wa shamba" unahusu zaidi sekta binafsi: hoteli, maduka, ulinzi, ujenzi, viwanda vidogo na kazi za nyumbani.

Kwani si kweli kwamba maisha ya shamba ni nafuu?

Kuna sehemu ni kweli. Kodi ya chumba Konde haifiki ya Mwanakwerekwe, na wengi wanakaa kwao, hawalipi kodi kabisa. Muhogo, ndizi, majimbi na nazi vinapatikana jirani, na ukiwahi dikoni samaki unampata kwa bei ya mvuvi.

Lakini angalia kapu la dukani. Mchele wa mapembe, unga wa ngano, sukari, mafuta ya kula, sabuni, madaftari ya watoto: sehemu kubwa ya vitu hivi inashuka kwenye bandari ya Malindi, Unguja, inapakiwa tena kwenye meli ya Mkoani au Wete, kisha inapanda gari hadi dukani. Aliye mwisho wa njia analipia safari yote. Umeme wa ZECO hauna bei ya shamba. Petroli haina bei ya shamba. Mgonjwa akipewa rufaa ya hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, mtu wa Wete anaanza na nauli ya boti, yake na ya anayemsindikiza, kabla hajafikiria pahala pa kulala. Mtoto akipata nafasi ya chuo Unguja, kuna dahalia au chumba cha kupanga.

Kuna na jambo linaloniuma zaidi. Muhogo anaokula mfanyakazi wa shamba haukutoka kwa mwajiri. Umepaliliwa na mama yake, na pengine mkewe, bila ya malipo. Tukisema mshahara upunguzwe kwa sababu mfanyakazi ana muhogo nyumbani, tunamwambia yule mama achangie gharama za hoteli au duka ambalo hana hisa ndani yake.

"Shamba" ni wapi hasa? Mstari utapita wapi?

Hapa ndipo pendekezo linapoanza kuigharimu serikali, kabla hata ya shilingi moja ya mshahara kubadilika.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, na kati yao 893,169 wako Mkoa wa Mjini Magharibi. Ukisema mkoa huo wote ni mjini, umeingiza na mashamba ya Magharibi ambako watu bado wanalima. Ukisema kila kilicho nje yake ni shamba, Tunguu inakuwa shamba, nayo ina ofisi za serikali na kampasi ya Chuo Kikuu cha Taifa. Nungwi inakuwa shamba, Paje inakuwa shamba, Kiwengwa inakuwa shamba, na huko ndiko ziliko hoteli kubwa za kitalii. Muulize kijana aliyetoka Bara kuja kufanya kazi Paje kama chumba amekipata kwa bei ya kijijini.

Na Pemba je? Chake Chake, Wete na Mkoani ni miji, lakini ukitoka dakika chache umeshaingia kwenye mikarafuu. Mstari utapita kwenye shehia gani? Masheha, wasimamizi wa maeneo hayo madogo ya utawala, wataulizwa, wenye mali watashawishi, na kila shehia itakapogawanywa au mji utakapotanuka mstari utahitaji kuchorwa upya. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali italazimika kukusanya bei kwa kila eneo, si mara moja bali kila kima kinapopitiwa, kwa sababu bila ya bei hizo kiwango cha shamba hakitakuwa na msingi wa kutetewa mbele ya mahkama. Watakwimu, magari, mafuta na posho za kazi hiyo vinatoka kwenye bajeti inayopitishwa na Baraza la Wawakilishi.

Nakaa Fuoni, nafanya kazi hoteli Kiwengwa. Nitalipwa kwa kiwango cha wapi?

Swali hili ni zito kuliko linavyosikika, kwa sababu wanaokwenda hivyo ni wengi. Pita Mwanakwerekwe alfajiri, utawaona kando ya barabara wakisubiri gari za hoteli, sare ziko ndani ya mikoba.

Ikiwa kinachotazamwa ni mahali pa kazi, wewe utalipia kodi ya nyumba ya mjini kwa mshahara wa shamba. Ikiwa kinachotazamwa ni unapokaa, mwajiri atamtafuta wa kijijini kwa sababu ni rahisi, na mwenye kukaa mjini ataombwa alete barua ya sheha wa kwao alikozaliwa ili aonekane mtu wa shamba. Na mlinzi wa kampuni ya mjini anayepangiwa wiki hii Matemwe na wiki ijayo Mlandege? Dereva wa watalii? Fundi anayejenga Fumba leo na Makunduchi mwezi ujao? Kila mmoja wao ni mgogoro unaosubiri kufunguliwa, na migogoro ya kazi husuluhishwa na kuamuliwa na vyombo vinavyolipwa na serikali. Mfanyakazi anayedai tofauti ya miezi mitatu atatumia muda wa msuluhishi sawa na anayedai kiinua mgongo cha miaka kumi.

Ukaguzi utabadilika vipi?

Kwa kima kimoja, mkaguzi wa kazi akifika anafungua daftari la mishahara, anatazama nambari, anajua kama sheria imevunjwa. Mfanyakazi mwenyewe anajua pia, kwa sababu kiwango kimetangazwa redioni na hakina mawili. Mkaguzi mkubwa kuliko wote, kwa maoni yangu, ni huyo mfanyakazi anayeijua haki yake kwa nambari moja.

Kwa viwango viwili, mkaguzi anaanza na swali la pili: mtu huyu alikuwa wapi siku ngapi? Itabidi atazame zamu, mikataba, hata njia ya gari la kampuni. Wakaguzi hawajawahi kuwa wengi, na wa Pemba wanazunguka wilaya nne. Kazi ya siku moja ikawa ya siku mbili, ama serikali inaajiri wengine, ama sehemu za kazi zinazokaguliwa zinapungua. Ninavyoona litatokea la pili, na waajiri wazuri wanaolipa sawasawa ndio watakaoumia kwa kushindana na wanaokwepa.

ZSSF na kodi vitapoteza kiasi gani?

Tufanye hesabu kwa mfano. Viwango hivi nimeviweka mwenyewe ili hesabu ionekane. Si vya tangazo lolote. Tuseme kima cha mjini ni Sh 350,000 na cha shamba ni Sh 260,000.

Tuchukue pia kwamba mchango wa ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ni asilimia 20 ya mshahara: mwajiri 13, mfanyakazi 7. Kwa mjini unaingia mfukoni Sh 70,000 kwa mwezi, kwa shamba Sh 52,000. Tofauti ni Sh 18,000 kwa kila mfanyakazi. Kwa wafanyakazi 1,000, mfuko unakosa Sh milioni 216 kwa mwaka.

Kodi ya mshahara nayo: tuchukue kwamba Sh 270,000 za mwanzo kwa mwezi hazitozwi, na kinachozidi kinaanza kutozwa asilimia 8. Mfanyakazi wa mjini katika mfano wetu, baada ya kutoa mchango wake wa ZSSF, anabaki na Sh 325,500, kwa hiyo analipa Sh 4,440. Wa shamba halipi kitu. Kwa wafanyakazi 1,000 ni zaidi ya Sh milioni 53 kwa mwaka.

Upungufu wa ZSSF ndio unaonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu hauonekani leo. Mafao hukokotolewa kwa mshahara. Mtu aliyelipwa kwa kima cha shamba miaka ishirini atastaafu na pensheni ya shamba, wakati dawa na nauli ya boti havina bei ya shamba. Tangu Aprili 2016 Zanzibar inalipa Pensheni Jamii kwa kila mwenye umri wa miaka 70 na kuendelea, kwa fedha za serikali yenyewe. Ilianza kwa Sh 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa hadi Sh 50,000. Kwa kuwa wanalipwa wazee wote, kima cha shamba hakitaongeza idadi yao. Lakini wazee waliostaafu na kidogo watahitaji iongezwe, na watakuwa na haki ya kudai hivyo.

Mwajiri akilipa mshahara mdogo, faida yake inapanda na inatozwa kodi. Je, serikali hairudishiwi huko?

Hoja hii ni ya haki na lazima ijibiwe. Katika mfano wetu mwajiri anaokoa Sh 90,000 za mshahara na Sh 11,700 za mchango wake, jumla Sh 101,700 kwa mfanyakazi mmoja kwa mwezi. Ikiwa ni kampuni inayotangaza faida, inatozwa asilimia 30 ya faida hiyo, yaani kama Sh 30,500. Kiasi hicho ni kikubwa kuliko kodi ya mshahara iliyopotea.

Sasa tazama ni nani yuko kwenye hesabu hiyo. Mwenye duka au tanuri la mikate la kijijini kwa kawaida anatozwa kwa mauzo, kwa makadirio, si kwa faida. Akipunguza mishahara, kodi yake inabaki ile ile na hazina haipati kitu. Anayelipa kwa faida ni kampuni kubwa, na shamba la Unguja kampuni kubwa ni hoteli za ufukweni. Maana yake kanuni inayotetewa kwa jina la mwenye tanuri itamnufaisha zaidi mwenye hoteli ya vyumba mia, anayemtoza mgeni kwa dola. Na kwa kila Sh 101,700 anazookoa, hata akilipa kodi yote anabakiwa na zaidi ya Sh 71,000 ambazo zamani zilikuwa zikiishia kwenye maduka ya Matemwe na Kinyasini. ZSSF hairudishiwi chochote.

Mimi nina tanuri la mikate Micheweni, vijana watatu. Kima cha mjini kitanifungia biashara. Unanambia nini?

Nakusikia, na sitaki kukupa jibu jepesi. Mkate wako unauzwa kwa mtu ambaye naye hana kitu, unga unaununua kwa bei iliyokwishapanda meli, na huwezi kupandisha bei siku moja na wateja wakabaki.

Ila tatizo lako ni ukubwa wa biashara, si mahali ilipo. Mwenye tanuri kama lako Jang'ombe ana shida hiyo hiyo, na hoteli iliyoko shamba haina shida hiyo. Kwa hiyo msaada ukufuate wewe: kiwango kinachopangwa kwa aina ya kazi au ukubwa wa biashara, muda wa kupanda kwa awamu, nafuu ya leseni na tozo kwa wenye wafanyakazi wachache, mkopo wa tanuri la umeme au gesi. Hizi nazo ni gharama kwa serikali, siwezi kuficha. Lakini zinaandikwa kwenye bajeti, zinajadiliwa na mwakilishi wako Barazani Chukwani, na kila mtu anajua nani amepewa nini. Kima cha shamba ni ruzuku pia, isipokuwa haiandikwi popote, na anayeitoa ni yule kijana wako.

Nchi nyengine zimefanyaje?

Kenya inagawa kwa eneo mpaka leo. Amri yao ya 2022 ilimwekea kibarua wa kawaida Sh za Kenya 15,201.65 kwa mwezi katika majiji makubwa kama Nairobi na Mombasa, Sh 14,025.40 katika zilizokuwa manispaa, na Sh 8,109.90 kwengineko, huku kilimo kikiwa na jedwali lake peke yake. Anayefanya kazi nje ya miji analindwa kwa zaidi kidogo ya nusu ya wa jijini. Ndugu zetu wa Mombasa wanajua mtu anavyovuka mpaka wa jiji kutafuta tofauti hiyo.

Ufaransa ilikuwa na kanda za mishahara na kima cha peke yake cha kilimo; vyote viliondoshwa mwaka 1968 baada ya migomo mikubwa. Afrika Kusini iligawa wafanyakazi wa mashamba kwa maeneo, ikayaunganisha, kisha kima cha taifa kilipoanza Januari 2019 wafanyakazi wa kilimo wakawekwa kwenye asilimia 90 na wa majumbani asilimia 75. Wa kilimo walifikishwa sawa na wengine mwaka 2021, wa majumbani 2022. Jimbo la Oregon huko Marekani lina kanda tatu tangu 2016, na tofauti ya kanda ya kati na ya vijijini ni dola moja kwa saa. Japani kila mkoa una kima chake, lakini tangu sheria yao iliporekebishwa mwaka 2007 kima kinapaswa kwenda sambamba na msaada wa serikali kwa maskini, kwa sababu waliona pahala pengine mtu anayefanya kazi anapata pungufu ya anayesaidiwa.

Nchi zote hizo ni kubwa. Unguja unaivuka kutoka mjini hadi Nungwi kwa daladala na kurudi siku hiyo hiyo. Mfano wa Oregon, yenye milima na jangwa ndani yake, hautufai.

Wachumaji wa karafuu na wakulima wa mwani wataguswa?

Kidogo sana. Mchumaji hulipwa kwa pishi, na msimu ukiwa mzuri kibarua Pemba hapatikani kwa urahisi. Wenye mikarafuu ndio wanaombembeleza. Mkulima wa mwani wa Jambiani au wa Pemba hana mwajiri, anauza kilo zake. Nawataja kwa sababu mara nyingi wao ndio wanaotolewa mfano wa "watu wa shamba" katika mjadala huu, na kima kikishuka hakitawahusu. Kitawahusu watoto wao wanaoajiriwa dukani, hotelini na kwenye ulinzi.

Serikali haitaokoa chochote?

Itaokoa kiasi pale inaponunua huduma: usafi na ulinzi wa hospitali za wilaya na majengo mengine yaliyo nje ya mji, kama mikataba hiyo itapangwa kwa kiwango cha shamba. Na inawezekana baadhi ya ajira ndogo zingebaki ambazo zingekatika. Anayetaka kima cha shamba aziweke hesabu hizo mezani kamili, nami nitazisoma. Nisichokubali ni kuhesabu kinachookolewa na kuacha kinachohamishwa.

Watu watakimbilia mjini kweli kwa tofauti hiyo?

Wanakimbilia hata sasa, na karibu nusu ya Wazanzibari wako Mjini Magharibi. Kila familia inayohamia Magharibi inahitaji nafasi ya skuli ambako madarasa yameshajaa, maji, na mtaro katika mitaa inayofurika kila masika. Skuli waliyoiacha kijijini bado ina walimu na umeme wa kulipiwa. Serikali inagharimika pande zote mbili. Siwezi kukupa idadi ya watakaohama kwa Sh 90,000, lakini kijana wa Kojani anayeambiwa kwamba jasho lake ni rahisi kwa sheria hatahitaji kushawishiwa sana.

Je, tukigeuza: shamba walipwe zaidi?

Kwa watumishi wa umma wanaopelekwa visiwa vidogo na vijiji vya mbali, posho ya mazingira magumu ina maana. Kwa sekta binafsi, sioni haja.

Nina maoni. Niyapeleke wapi?

Mfanyakazi aanzie kwenye chama chake. Vyama vingi viko chini ya ZATUC, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Zanzibar. Mwajiri apitie ZANEMA, jumuiya ya waajiri Zanzibar. Asiye na chama aende Kamisheni ya Kazi, na walioko Pemba wapitie ofisi za wizara ya kazi Chake Chake badala ya kulipa nauli ya boti. Usiende na malalamiko ya jumla. Chukua risiti za mwezi mmoja: mchele, mafuta, sukari, umeme, nauli, matibabu, ada na michango ya skuli, pamoja na hati yako ya mshahara na taarifa ya michango yako ya ZSSF. Mwajiri naye achukue hesabu za unga, usafiri na mishahara. Bodi husikia hotuba nyingi kila kima kinapopitiwa. Karatasi za bei halisi kutoka Konde, Kengeja au Makangale zinazofika mezani ni chache.